Kununua fanicha bora zilizotumika kwa mali kauli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikinunua fanicha za mali kauli kwa miaka mingi, za kwangu na za ndugu na marafiki wanaoniomba niwasindikize. Njiani huniuliza maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu, na nimekaa zaidi pale ambapo watu huumia zaidi.

Mali kauli ni nini, na inatofautianaje na duka la kawaida la vitu vilivyotumika?

Katika duka la kawaida, mwenye duka ameshakinunua kile kitu. Ni chake, na faida yake ameshaipigia hesabu. Katika mali kauli, fanicha inabaki kuwa ya mwenyewe mpaka unapoilipia. Ameileta dukani, wakakubaliana bei ya kuanzia, muda wa kukaa na mgawanyo wa fedha. Duka linaionyesha, linaiuza, linakata kamisheni yake na kumkabidhi mwenyewe kilichobaki. Isipouzwa, anakuja kuichukua.

Kwako mnunuzi, utaratibu huu una manufaa ambayo wengi hawayatumii. Duka linalouza kwa kamisheni haliwezi kupokea kila kinacholetwa, kwa sababu kochi lisilouzika linakalia nafasi kwa miezi mitatu bila kuingiza chochote. Kwa hiyo mchujo wa kwanza umeshafanyika kabla hujaingia. Isitoshe, nyuma ya kila meza yupo mtu anayejulikana, aliyekula juu yake, anayejua mguu upi ulivunjika na fundi aliutengeneza lini. Muombe muuzaji ampigie simu. Mara nyingi watu huona haya kuuliza, ilhali mwenye meza hufurahi kuizungumzia.

Mbona nisinunue mpya tu?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na sikatai kwamba kabati jipya linapendeza. Tatizo ni kilicho ndani yake. Fanicha nyingi mpya za bei nafuu ni chipubodi: vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Skrubu ikishang'oka humo hairudi kushika vizuri. Maji yakipenya ukingoni, bodi inavimba na hainywei tena. Ukihama nyumba mara mbili kabati linaanza kuyumba, na fundi hana pa kushika, kwa kuwa hakuna mbao ya kutengeneza.

Kiti cha mbao halisi kikilegea, seremala anakifungua, anakwangua gundi ya zamani, anatia mpya, anakibana usiku mmoja, na asubuhi unakikalia. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, fundi wa fanicha mzaliwa wa Ujerumani, kilichotoka mwaka 1859, kilikuwa na vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2 tu. Viti vya aina hiyo vyenye umri mkubwa kuliko bibi zetu bado vinauzwa na bado vinakaliwa, maana kipande kikiharibika kinabadilishwa chenyewe.

Wapo wanaosema ya kale ni dhahabu. Si yote. Chipubodi ya miaka kumi ni mbovu kuliko chipubodi mpya, na maduka ya mali kauli nayo yanayo. Mimi hutafuta kazi nzuri ya seremala kwanza. Umri huja baadaye.

Nitajuaje kama ni mbao halisi na kazi nzuri?

Ipindue. Kama ni nzito, omba usaidiwe. Fundi anayelipua kazi huweka nguvu zake zote mbele, panapoonekana, na fundi mwenye kuijali kazi yake huonekana chini ya meza, nyuma ya kabati na ndani ya droo. Ukiuzwa kitu ulichokitazama mbele tu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na droo. Ichomoe yote, ibebe mpaka kwenye mwanga, tazama kona zake. Kwenye kazi nzuri utakuta ubao wa mbele na wa pembeni vimefumana kwa meno, kila jino pana kwenye ncha na jembamba shinani, kama mkia wa njiwa, kiasi kwamba huwezi kuivuta mbele itoke hata bila gundi. Meno yasiyolingana kabisa yamekatwa kwa mkono. Yanayofanana kama yamepigwa muhuri yamekatwa kwa mashine, na hiyo si kasoro. Kasoro ni kona iliyopachikwa pini za stepla. Kisha tazama sakafu ya droo: iwe imeingia kwenye mfereji pande zote, si kupigiliwa misumari kwa chini.

Halafu fuata nyuzi za mbao. Kwenye ubao mzima, mistari inayotembea juu ya meza hufika ukingoni na kuendelea, na kwenye ncha utaona vipande vya duara za mti uliokatwa. Mistari ikikatika ghafla ukingoni na kuanza mingine isiyohusiana nayo, hiyo ni vinia au karatasi. Hapa naomba usifanye haraka: vinia si matusi. Mafundi wakubwa wamekuwa wakibandika tabaka jembamba la mbao nzuri juu ya mbao imara kwa karne nyingi, na baadhi ya makabati mazuri kabisa duniani yametengenezwa hivyo. Karatasi yenye picha utaitambua kwa sababu kile kifundo cha mbao unachokiona kushoto utakikuta tena kulia, sawasawa, kama pacha.

Mwisho shika kitu chenyewe. Weka kiganja juu ya meza na uisukume kwa upande. Mtikisiko wa mguu mmoja ni wa gundi, unatibika. Meza nzima ikicheza kama ngalawa, viungo vyote vimechoka; bado inatibika, ila gharama ya fundi iondoe kwenye bei.

Muuzaji anasema ni ya zaidi ya miaka mia. Naweza kuthibitisha?

Kuthibitisha kabisa ni kazi ya mtaalamu, lakini uongo mwingi unaweza kuugundua mwenyewe. Tazama skrubu. Zile zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea baada ya Henry F. Phillips kupata hataza zake mwaka 1936. Ukiziona kwenye kabati linalodaiwa kuwa la mwaka 1890, ama limetengenezwa upya au mtu amekosea tarehe. Chipubodi mgongoni nayo inakuambia kwamba mgongo huo uliwekwa miaka ya 1940 au baadaye.

Kwa meza ya duara nina kipimo ninachokipenda. Mbao hunywea kwa upana wake na karibu isinywee kabisa kwa urefu wa nyuzi. Kwa hiyo meza ya duara iliyokaa miaka mingi haibaki duara kamili. Niliwahi kutandaza futi juu ya meza moja ya mahogani: kufuata nyuzi ilikuwa sentimita 118, kukatisha nyuzi 117 na kidogo. Yule muuzaji, mzee mmoja mtaratibu, aliishika ile futi akapima tena mwenyewe, akatabasamu. Tangu siku hiyo hunipigia akipata meza ya duara.

Uchakavu nao useme ukweli. Ubao wa chini wa kiti huliwa pale visigino vinapokaa, mkono wa kiti pale kiganja kinaposhika. Kiti kilichochakaa sawasawa kila mahali kimechakazwa kwa msasa.

Kuhusu makochi, niangalie nini?

Kochi ni gumu kuliko meza, kwa sababu mifupa yake imefunikwa. Inua kona moja ya mbele kama sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele ufuate kuinuka. Ukibaki chini umeng'ang'ania sakafu, fremu imelegea na inajipinda. Kaa katikati, kaa pembeni, kaa kama unavyokaa nyumbani, siyo kwa adabu za dukani. Sikiliza: springi inayolia inatengenezeka, ubao unaolia ndani huenda umepasuka. Toa mito yote upapase chini yake kwa mkono. Shimo unalolihisi hapo ni mikanda iliyokatika.

Sponji iliyolala inabadilishwa bila shida. Kitambaa ndicho kinachowaponza watu. Wanasema, nitalivisha upya, halafu wanakuta kazi ya fundi wa makochi pamoja na mita za kitambaa imezidi bei ya kochi lenyewe. Piga picha, mpelekee fundi, pata makadirio yake kabla hujalipa. Kama fremu ni ya mbao ngumu na umbo lake unalipenda, bado inaweza kufaa. Kama fremu ni dhaifu, hata kitambaa cha hariri hakitaliokoa.

Harufu ya sigara na ya ukungu usiidharau. Ya mbao hutoka kwa kupanguswa na kupigwa hewa kwa wiki kadhaa, lakini iliyoingia kwenye sponji mara nyingi haitoki mpaka sponji itoke.

Naogopa kunguni na wadudu wa mbao. Hofu yangu ni ya kweli?

Ni ya kweli, na dawa yake ni macho na tochi. Kunguni mzima ana urefu wa karibu milimita 5, bapa, rangi ya kahawia, na anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kusema kochi limekaa stoo muda mrefu si kinga. Mulika kwenye mishono, chini ya kile kitambaa chembamba cha tumboni mwa kochi, kwenye matundu ya skrubu za kitanda. Unatafuta vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu, maganda matupu na mayai meupe madogo. Ukiona hata kidoa kimoja unachokitilia shaka, liache kochi. Hakuna punguzo linalolipa usingizi wa familia nzima.

Wadudu wa mbao ni habari nyingine, na hapo niliwahi kuumia. Nilinunua meza ndogo ya pembeni kwenye duka moja, jioni, taa hafifu, nikaipenda kwa miguu yake iliyochongwa vizuri. Wiki ya pili nikaona chini ya mguu wa nyuma kirundo cha unga, laini, wa rangi ya krimu, si kikubwa kuliko ukucha. Nikaufagia nikidhani ni vumbi. Kesho yake upo tena. Nilipoipindua nikahesabu matundu kumi na moja, kila moja dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na manne kati yake yalikuwa na kingo nyeupe, safi, kama yametobolewa asubuhi ile.

Hizo kingo ndizo habari yenyewe. Tundu ni mlango wa kutokea: buu amekula ndani, kwa mende wa kawaida wa fanicha mara nyingi miaka 3 hadi 5, kisha akatoka akiwa mende. Matundu yenye kingo nyeusi, yaliyojaa vumbi na vanishi kuukuu, yanaweza kuwa ya vita vilivyokwisha zamani, na fanicha ya namna hiyo nainunua bila wasiwasi kama mbao bado ni imara. Kingo safi na unga mpya ni mbao inayobunguliwa sasa hivi. Omba duka liweke karatasi nyeusi chini yake siku chache, kisha urudi utazame.

Bei inapangwaje, na naweza kuomba nipunguziwe?

Bei hupangwa na duka pamoja na mwenye mali. Mgawanyo wao hutofautiana. Nusu kwa nusu ni wa kawaida, na maduka mengi humwachia mwenye mali kati ya asilimia 40 na 60. Kuomba punguzo ni haki yako, biashara ni maelewano. Ila kumbuka aliye mbele yako si mwenye kitu. Mara nyingi ameruhusiwa kupunguza kiasi fulani tu, na zaidi ya hapo lazima apige simu. Kwa hiyo usimkaripie. Muulize kwa upole: mwenyewe ameacha bei ya mwisho? Kisha toa ofa moja ya maana pamoja na namba yako ya simu, umwache aifikishe. Nimepata vitu vizuri kwa simu ya siku ya tatu.

Kasoro uliyoigundua kwa kuipindua ndiyo hoja yako bora. Kusema tu ni ghali hakumsaidii muuzaji kumshawishi mwenye mali. Kusema droo ya pili haina mfereji wa kulia na fundi atataka kiasi hiki kunampa cha kusema.

Nasikia bei hushuka kadiri kitu kinavyokaa. Nisubiri?

Maduka mengi hupokea fanicha kwa siku 60 au 90 na hushusha bei kwa ratiba, kwa mfano asilimia 10 baada ya siku 30, kisha tena. Angalia kibandiko: tarehe ya kuingia mara nyingi ipo. Kabati kubwa la nguo, ambalo wachache wana nafasi yake, lisubiri. Meza ya kulia ya mbao nzima yenye viti sita vinavyofanana haitasubiri, na nimewahi kuikosa moja kwa ubahili wa wiki moja. Bado naikumbuka.

Naweza kuwekewa mpaka nipate fedha?

Kwa kawaida ndiyo, ukiacha kishika uchumba. Uliza kitashika kwa siku ngapi na kama kinarudi usiporudi. Iandikwe.

Nikifika nyumbani nikakuta kasoro, naweza kuirudisha?

Mara nyingi hapana. Duka likishamlipa mwenye mali, fedha haipo tena mikononi mwake, ndiyo maana mengi huandika kwamba kikiuzwa hakirudishwi. Mengine hutoa saa 24 au 48 kabla ya kumlipa mwenyewe. Uliza kabla ya kulipa, si baada. Sheria za kumlinda mlaji zipo na zinatofautiana kati ya nchi na nchi, lakini kesi ya kiti ni ndefu kuliko dakika kumi za kukikagua.

Dai risiti inayotaja kitu chenyewe: aina, mbao, idadi ya vipande, kasoro mlizokubaliana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti hiyo pia ndiyo kinga yako ikitokea mtu anadai fanicha iliibiwa. Duka makini huandika jina na kitambulisho cha aliyeleta, na husema hivyo bila kusita ukiuliza. Likianza kubabaika, ondoka.

Nipime nini kabla ya kwenda?

Njia, kisha chumba. Watu hupima ukuta ambapo kochi litakaa, wakasahau mlango, kona ya ngazi na lifti. Pima mlango ulio mwembamba kuliko yote njiani, ukiwa wazi kabisa, na utoe unene wa kitasa. Uliza kama miguu ya kochi inafunguka. Sentimita 12 za miguu zimeokoa makochi mengi. Kwa meza ya kulia, kimo cha kawaida ni sentimita 75 hivi na kikalio cha kiti 45. Ukinunua meza na viti kutoka kwa wenyewe tofauti, hakikisha zinabaki kama sentimita 25 hadi 30 kati ya kikalio na chini ya meza, la sivyo magoti yatalalamika kila siku.

Naweza kununua kwa picha tu?

Kwa duka unalolijua, ndiyo. Omba picha ya chini, ya mgongo, ya kona ya droo na ya kibandiko au muhuri wa mtengenezaji, zote kwa mwanga wa mchana, pamoja na video fupi ya mtu akiitikisa. Anayekataa kuipindua amekujibu.

Ninunue fanicha ya mtoto iliyotumika?

Meza na kabati, ndiyo. Kitanda cha mtoto mchanga mimi sinunui kilichotumika, isipokuwa nina uhakika na umri wake na vipande vyake vyote vipo. Vile vyenye ubavu wa kushuka vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011, hata vilivyotumika, baada ya watoto kufa. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Fanicha yenye rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na baadhi ya nchi baadaye sana. Usiipige msasa ndani ya nyumba yenye mtoto. Na kabati lolote la droo, liwe zito namna gani, lifunge ukutani siku hiyo hiyo linapofika: mtoto hufungua droo zote akazipanda kama ngazi.

Nikihamia nchi nyingine naweza kwenda nayo?

Kwa kawaida ndiyo, lakini ujue mbao yake. Miti yote ya jamii ya Dalbergia, pamoja na mpingo, imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, na Dalbergia nigra ya Brazil ililindwa vikali zaidi tangu 1992. Fanicha ya mbao hizo inaweza kuhitaji kibali mpakani. Risiti inayotaja mbao itakusaidia hapo pia.

Nami nina fanicha ninayotaka kuiacha kwa mali kauli. Nifanyeje?

Isafishe, usiipake rangi. Wanunuzi wazuri wanataka kuona mbao, na rangi mpya huwatia shaka kuna kilichofichwa. Nenda na picha kwanza ili usipakie kitu kisichopokelewa. Soma mkataba: nani analipa usafiri, nani anabeba hasara ikiungua au kuvunjika dukani, unalipwa siku ngapi baada ya mauzo, na usipokuja kuichukua muda ukiisha inakuwa ya nani. Halafu andika kwenye karatasi kila unachokijua kuihusu, mwaka ulioipata, fundi aliyeigusa na alichogusa, uibandike kwa chini. Atakayeipindua ataisoma.